Ukurasa wa Kumi na Tisa

Orida Mgaya aliingia ofisini kwangu Jumatatu moja ya Machi akiwa na kurasa arobaini na moja ndani ya bahasha ya kaki, na kabla hajakaa alianza kuomba radhi. Aliomba radhi kwa kunisumbua, kwa michoro yake ya mkono, kwa matope ya viatu. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa hisabati, binti wa mkulima wa chai kule Lupembe, mtu wa kukaa kiti cha nyuma na kuandika kwa penseli. Katika miaka yote niliyomfundisha sikumbuki aliwahi kuinua mkono. Nilimwambia akae, aache hiyo sala yake, aniambie shida.

Shida yake ilikuwa mdhamini, mtu wa kuisoma na kuikubali kazi yake kabla haijatolewa. Alikuwa ameandika barua thelathini na mbili kwa wadhamini wa nchi kumi na moja, barua za adabu, kila moja ikiwa na muhtasari wa kazi yake na salamu za heshima. Mmoja alijibu kwamba amestaafu. Mwingine alisema foleni yake imefika miaka sita. Waliobaki walikaa kimya. Ndipo akaona aje kwangu, ingawa, kama alivyosema huku akiangalia sakafu, hakutaka watu waseme amebebwa na mwalimu wake.

Niliguswa, na nilifurahi pia, nisiwe mnafiki. Kusini yote ya nchi mdhamini alikuwa mmoja tu, na mmoja huyo ni mimi, Dakta Blandina Kaduma, wa chuo kidogo cha Njombe ambako baridi hutufanya tufundishe na makoti mwilini. Watu walinisalimia kwa cheo hicho hata sokoni. Mtu akikuzoeza kuitwa mkubwa, unajikuta umeanza kutembea kama mkubwa.

Wakati nasoma mimi, kuweka kazi yako kwenye Ghala la Rasimu kulikuwa jambo jepesi. Ulitafuta mtu mmoja anayefahamika, akakutambulisha, ukaingia, na dunia nzima ikasoma ulichoandika kabla majarida hayajaamka. Kisha mashine zikajifunza kuandika hisabati. Katika mwaka mmoja Ghala lilipokea thibitisho milioni tisa, nyingine sahihi, nyingine upuuzi mtupu, zote zimeandikwa vizuri, na hapakuwa na binadamu aliyejua ipi ni ipi. Mwaka huo tunauita Mafuriko. Ghala likafungwa miezi minane, na lilipofunguliwa lilikuwa na sharti moja: haliingii jambo ambalo hakuna mtu aliye hai aliyelielewa.

Ili watu wasidanganye, ukaja utepe. Ni kitambaa cha kijivu cha kufunga kwenye paji la uso, chenye taa ndogo pembeni. Mdhamini anaufunga na kusoma mstari mmoja mmoja kwenye kishikwambi. Akielewa, taa inawaka kijani. Asipoelewa, inabaki giza. Wataalamu walituambia kwamba kuelewa kuna umbo lake kichwani, na umbo hilo haliigizwi. Nimejaribu kuliigiza, nimeshindwa. Mwishoni mdhamini anatoa jibu moja kati ya matatu: Nimeelewa, Kuna kosa, au Sikuelewa. Anayedai kuna kosa lazima auguse mstari wenye kosa, na taa imwakie hapo. Anayejibu Sikuelewa mara ya tatu anaondolewa kwenye orodha siku hiyohiyo.

Mimi nilikuwa nimeshajibu hivyo mara mbili. Hilo sikumwambia Orida. Nilipokea bahasha, nikamwambia arudi baada ya wiki moja.

* * *

Kazi yake ilianzia shambani. Kule kwao wachumaji wa chai hukatazwa kupita mara mbili kwenye mstari uleule, wasije wakavunja machipukizi, na Orida alikuwa amejiuliza tangu utotoni ni wachumaji wangapi wanaotosha kumaliza shamba bila yeyote kurudia alipopita mwenzake. Watu wa vyuo vikubwa walikuwa wamehangaika na swali hilo, kwa majina mengine yasiyo na chai ndani yake, kwa miaka thelathini. Yeye alithibitisha kwamba idadi hiyo haitegemei ukubwa wa shamba hata kidogo. Inategemea tu namna vijia vinavyokatana, na ina kikomo chake.

Kurasa kumi na nane za mwanzo nilizisoma asubuhi moja, taa ikiwaka mfululizo. Nilicheka peke yangu. Msichana alikuwa anafikiri kwa njia safi, bila madoido, akichukua kitu kimoja mkononi na kukiweka chini kabla ya kuchukua kingine. Nilijiona mwenye bahati kuwa wa kwanza kuisoma.

Ukurasa wa kumi na tisa, hatua ya nne, taa ikazimika. Hapo Orida aliacha kuhesabu njia zinazopitika, akaanza kuhesabu zile zisizopitika, akazigeuza, na kikomo kikatoka humo. Nilisoma tena. Nilichora. Nilikunywa chai, nikatoka kutembea hadi getini, nikarudi. Nilifanya hivyo siku tano na taa haikuwaka. Niliona maneno yote na alama zote, na kila moja peke yake niliielewa, lakini zikikaa pamoja zilikuwa zimenifungia mlango.

Siku ya tano nilianza kujiambia kwamba labda kosa ni lake. Niligusa jibu la Kuna kosa. Utepe ukanitaka nioneshe mstari. Nikagusa hatua ya nne, nikajikaza, nikakunja uso kabisa, na taa ikabaki giza. Basi nikauacha usomaji ule wazi, bila jibu lolote, maana Ghala linaruhusu mdhamini ajipe muda. Rekodi ya kusoma kwangu ikabaki humo pamoja na tarehe yake, haionekani na wengine.

Orida alipokuja nilikuwa nimevaa uso wa mwalimu. Nilimsifu kwa kurasa za mwanzo, kisha nikamwambia, "Kuna tatizo ukurasa wa kumi na tisa. Hatua ya nne haitokani na ya tatu."

Aliuangalia ukurasa, akaurudisha kwenye bahasha.

"Sawa, Mwalimu," alisema. "Nitaiangalia upya."

Chuoni kwetu kuna desturi isiyoandikwa popote. Mwalimu akikuambia pana kosa, unaitikia, unaondoka, unakwenda kulitafuta. Kumuuliza liko wapi hasa ni sawa na kumwita mwongo mbele ya watu. Wageni waliokuja kufundisha kwetu walitucheka kwa hilo, na mimi nilikuwa nawatetea wenzangu nikisema desturi hii inajenga unyenyekevu. Siku ile nilijificha ndani yake, na nilijua kwamba najificha.

* * *

Alirudi Aprili na kurasa hamsini. Juni alileta sabini. Alikuwa anajenga njia ya kuzunguka mahali pasipo na shimo, na kila alipozunguka aliongeza mizigo. Kila mara nilisoma, kila mara nilikwama, na kila mara nilimwambia bado kidogo. Hilo neno kidogo ndilo linaloniuma zaidi ninapoandika haya, kwa sababu lilimpa matumaini.

Mwezi wa saba, katikati ya kipindi, nilimwona akiinua mkono kwa mara ya kwanza. Darasa zima liligeuka. Aliuliza kama nina hakika kwamba ukijumlisha namba mbili shufwa unapata shufwa. Wenzake walicheka wakidhani anatania. Mimi nilimtazama machoni nikaona hatanii. Nilimjibu kwa upole, nikaendelea na kipindi.

Agosti baba yake alikuja. Mzee Mgaya alikuwa mtu mrefu, mwenye sweta la bluu lililotoboka kiwiko, na alikuwa amesafiri tangu alfajiri na ndoo ya maparachichi. "Kamwene," alinisalimia kwa Kibena, nami nikaitikia. Hakutaka kukaa kwenye kiti chenye mto, akachagua benchi. Alinieleza kwamba binti yake akija likizo hasemi na mtu, anafuta zaidi kuliko anavyoandika, na siku moja alimkuta amesimama katikati ya mistari ya chai akihesabu kwa vidole mambo aliyokuwa akiyahesabu kwa kichwa akiwa na miaka saba.

Kisha akaja kwenye neno lililomleta. "Mwalimu, mimi sikusoma. Niambie tu, mtoto wangu ana kichwa cha kazi hii au hana? Kama hana si aibu. Arudi nyumbani tuchume."

"Ana kichwa kuliko mimi, baba," nilimjibu.

Alicheka sana. Alidhani ni unyenyekevu wa wasomi. Akasema kama ni hivyo basi watasubiri, wao kusubiri wamezoea, akaninyooshea mikono yote miwili kunishukuru kwa subira yangu kwa mtoto. Nilimsindikiza hadi getini. Maparachichi yale niliyagawa yote kwa walinzi na wafagizi, na hata harufu yake iliyobaki kwenye ndoo sikuweza kuivumilia.

Ningeweza kumwambia Orida siku ile. Ningeweza siku yoyote. Nilikuwa nikijipa sababu, na sababu zenyewe hazikuwa mbaya: wanafunzi saba walikuwa kwenye foleni yangu, kila mmoja na kazi yake, na nikitoka kwenye orodha hawana pa kwenda. Lakini siku niliyomdanganya Orida sikuwafikiria hao saba. Nilifikiria wale wanaonisalimia sokoni.

* * *

Tarehe nne Oktoba kazi ya watu wawili wa ng'ambo iliingia Ghalani. Ilikuwa kanuni ileile ya Orida, kwa maneno mengine, kurasa ishirini na sita. Niliufunga utepe nikaisoma yote. Kwenye ukurasa wa kumi na moja waliacha kuhesabu njia zinazopitika, wakaanza kuhesabu zisizopitika, wakazigeuza. Taa yangu ikazimika palepale. Chini yake palikuwa na majina ya wadhamini watatu, wote wamejibu Nimeelewa, na ilikuwa imewachukua siku tisa.

Kwa hiyo hapakuwa na kosa. Tangu Machi hapakuwa na kosa. Hadi siku hiyo nilikuwa nimebakiza kijiti kimoja cha kujiegemezea, kwamba huenda nilimwambia kweli bila kujua, na sasa kilikuwa kimevunjika. Nililia nikiwa nimekaa mezani, mlango ukiwa wazi, na mhadhiri mmoja aliyepita akanipa pole akidhani nimefiwa.

Ghala lina kifungu kinachoitwa dai la tarehe. Kazi ikishaingia na kukubaliwa, mtu mwingine ana siku kumi na nne za kuonesha kwamba yake ilisomwa na mdhamini kabla ya hiyo. Rekodi ya usomaji inafunguliwa mbele ya wote, na jina lake linawekwa la kwanza. Yanahitajika mambo mawili. Mdhamini aufunge usomaji wake kwa kutoa jibu, lolote lile, maana kanuni yenyewe imeshaeleweka na wengine, na mwandishi mwenyewe aisome kazi yake na utepe kichwani, ijulikane kwamba aliyeandika ni mtu. Rekodi yangu ya Machi ilikuwepo. Ikifunguliwa, kila mtu ataona kurasa kumi na nane za kijani na siku tano za giza, na jibu pekee ambalo utepe ungelipokea kwangu lilikuwa Sikuelewa. Hilo lingekuwa la tatu.

Nilimwendea mkuu wa idara, Ezekia Sanga, niliyemfundisha mwenyewe akiwa kijana mwembamba asiyejua kupiga pasi shati. Nilimweleza kila kitu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akafunga dirisha, ingawa nje hapakuwa na mtu.

Alisema hakuna anayeijua rekodi ile isipokuwa sisi wawili. Alisema Orida bado mdogo, ataandika mengine. Alinikumbusha kwamba nikitoka, wale saba watahamia foleni ya Nairobi ambayo ni miaka minne, na wengi wao watakata tamaa katikati. Kisha akaongeza, bila ukali, "Mmoja kwa saba, Mwalimu. Wewe ndiye uliyenifundisha kuhesabu."

Hata leo sina jibu zuri la hesabu ile. Nilirudi ofisini na siku zikapita, tatu, tano, nane, kumi na moja, na ningelisema nilikuwa natafakari, lakini nilikuwa naziacha zipite makusudi.

* * *

Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, Orida aligonga mlango. Mkononi alikuwa na ile kazi ya watu wa ng'ambo. Nilidhani amekuja kulia au kulaumu. Alikuja kunishukuru.

Alisema amesoma kazi yao yote, na sasa ameona jinsi walivyoliziba lile pengo nililoliona mimi ukurasa wa kumi na tisa. Alisema yeye asingeweza, akili yake haikufika huko. Alitaka tu nijue kwamba hanilaumu kwa kutoidhamini, maana ningemwacha aingie Ghalani na kosa angeaibisha chuo. Alisema hayo yote amesimama wima, mikono nyuma, na mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Nilimwambia akae. Nilimwambia tutaweka dai la tarehe, kwa rasimu ileile ya Machi.

"Lakini ya Machi ina kosa, Mwalimu."

Nilimwambia afunge utepe asome, mengine baadaye. Alitii, kama alivyotii siku zote. Nilimfunga kitambaa mwenyewe, nikamwekea kishikwambi mbele. Kurasa kumi na nane zilikwenda kijani, haraka kuliko nilivyowahi kuona kwa mtu yeyote. Alipofika ukurasa wa kumi na tisa, hatua ya nne, taa ikazimika.

Ilikuwa kazi yake. Aliitoa kichwani mwake mwenyewe akiwa na miaka ishirini na moja, na sasa hakuwa nayo tena.

"Orida," nilisema, "hakuna kosa. Halijawahi kuwepo. Mimi ndiye sikuelewa, na niliona aibu kusema."

Hakugeuka. Aliweka kidole kwenye mstari wa hatua ya nne.

"Wiki ya pili baada ya kuniambia niliandika kwenye daftari kwamba hatua ya nne ni sahihi," alisema. "Niliiandika kwa kalamu. Halafu nikaikata. Nikasema Mwalimu Kaduma hawezi kukosea, basi kibovu ni kichwa changu."

Nilimwomba asome tena. Nilikuwa nimeamini, kwa ujinga wangu, kwamba ukweli ukishasemwa taa itawaka. Alisoma mara mbili, mara tatu. Giza. Alisema akiitazama anaona ni sahihi, halafu anaona anajidanganya, na hajui tena ni sauti ipi ya kuisikiliza. Alisema hivyo kwa namna ya mtu anayemweleza daktari maumivu yalipo.

Mwalimu mwingine angemweleza. Angesimama ubaoni na kumwonesha hatua ile ni ya kweli, hatua kwa hatua, hadi aamini tena. Mimi sikuweza, kwa sababu sikuielewa. Nilibaki na kitu kimoja tu ambacho ningeweza kumpa, nacho kilikuwa huo ujinga wangu. Nikampa chaki, nikakaa kiti chake, nikamwambia anifundishe.

Alisita, kisha akaenda ubaoni na utepe wake kichwani. Mara ya kwanza alieleza kwa adabu, akiniita Mwalimu kila baada ya sentensi. Nikamwambia sijaelewa. Mara ya pili alichora shamba dogo, mistari sita na vijia vitatu. Nikamwambia sijaelewa. Alifuta, akachora dogo zaidi. Nilimuuliza swali, na swali lenyewe lilikuwa la kijinga kweli, sikuigiza. Nikamuuliza jingine. Niliona mabega yake yakianza kukakamaa, na lile neno Mwalimu likawa linachelewa kutoka mdomoni, hadi likaacha kutoka kabisa.

"Kwa nini unazihesabu zinazopitika?" aliniuliza. Alikuwa amenigeukia, na sauti ya namna ile sikuwahi kuisikia kwake. "Nimekuambia ziache. Nimekuambia mara nne. Zinazopitika hazina mwisho, huwezi kuzimaliza. Zisizopitika ni chache, ndiyo maana nikazichukua hizo. Ukizigeuza unabaki na vijia tu. Hilo tu. Tangu Machi ni hilo tu."

Alipiga chaki ubaoni ikakatika. Pembeni ya paji lake taa ilikuwa inawaka kijani, tulivu, na yeye hakuwa anaiona.

Sikumwambia mara moja. Nilimwacha amalize hasira yake, kwa sababu ilikuwa yake na ilikuwa ya haki. Alipotulia nilimwomba arudi kwenye kishikwambi asome kuanzia alipokwama. Alisoma hadi ukurasa wa arobaini na moja bila kusimama. Ghala likapokea usomaji wake, likawa linasubiri wangu.

Aliniuliza kama angalau sasa nimeelewa. Nilimwambia hapana. Niliufungua usomaji wa Machi mbele yake, nikagusa jibu la tatu, nikathibitisha. Ujumbe ulikuja kwa lugha sita, ukinishukuru kwa utumishi wangu na kunitakia mapumziko mema. Chini yake jina lake lilikuwa limewekwa juu ya majina ya wale wawili: Orida Mgaya, Njombe. Kesho yake ningepaswa kuwaambia wale saba, na Ezekia angeacha kuniita Mwalimu kwa muda.

Nilitegemea atafurahi, hata kidogo. Aliutazama mstari ule wenye jina lake, akavua utepe, akaukunja vizuri na kuuweka mezani. Alikusanya karatasi zake kwenye bahasha. Alifika mlangoni, akasimama na mkono kwenye kitasa.

"Ni mimi peke yangu?" aliuliza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali la kwa nini. Kwa hilo sikujiandaa. Jambo hili sijalitaja hata humu ninamoandika, na kama asingeuliza ningeliacha lipite, kama nilivyoliacha miaka yote. Ghalani nilikuwa na usomaji mwingine wa kazi mbili ulio wazi, usio na jibu, mmoja wa miaka minne iliyopita na mmoja wa miaka sita. Leokadia Mtewele. Erasto Nyagawa. Niliwaambia wote wawili kwamba pana tatizo. Walisema sawa, Mwalimu, wakaondoka, na hawakurudi.

Nilimtajia majina. Orida aliachia kitasa, akarudi, akakaa kwenye benchi alilokalia baba yake, akaweka bahasha mapajani.

Namba ya Erasto nilikuwa nayo. Nilisikia kwamba siku hizi anauza vipuri vya pikipiki Makambako. Niliweka simu mezani, nikafungua spika ili Orida asikie. Iliita mara mbili tu, akapokea. Nyuma yake kulikuwa na kelele za injini, kisha zikapungua, kana kwamba amesogea pembeni ili anisikie vizuri, na sauti yake ikaja imejaa furaha.

"Shikamoo, Mwalimu."